Ami Aliniuliza: Msichana na Kompyuta, Inafaa?



Ndugu zangu katika imani, somo la safari hii sikulichagua mimi. Lilinijia kwa simu, usiku baada ya Isha, kutoka kwetu Lurujo. Aliyepiga ni ami yangu, mdogo wake baba. Alinijulia hali, akauliza masomo yanakwendaje, akauliza kama tunakula vizuri huku kampasi, kisha akaingia kwenye neno lenyewe. Binti yake yuko S.4. Shuleni wamepewa fomu za kuchagua masomo ya S.5, na yeye ameandika Fizikia, Kemia na Hisabati pamoja na kompyuta, kwa nia ya kusomea teknolojia chuoni. Ami hataki. Anataka afute, aandike Historia, Dini ya Kiislamu na Fasihi, "kama ulivyofanya wewe."

"Wewe ndiwe tuliyekutoa kusoma dini," akasema. "Basi tuambie sheria inasemaje. Msichana na kompyuta, inafaa au haifai?"

Nilijua vizuri jibu analolitarajia. Wazee wetu wakipiga simu ya namna hii huwa wameshaamua, wanatafuta dalili tu ya kuuegemeza uamuzi. Na mimi, nasema kweli, nilikuwa karibu kumridhisha. Kilichonizuia ni kwamba dalili yenyewe sikuwa nayo. Nikamwambia, "Ami, nipe mpaka Ijumaa." Haya ndiyo niliyoyapata kati ya Jumatatu ile na Ijumaa, pamoja na makosa yangu mwenyewe ambayo sikuwa nimeyatafuta.

Naanza na makosa. Nilisoma sekondari shule ya mchanganyiko, wavulana na wasichana. Kompyuta zilizokuwa zinawaka zilikuwa chache, kwa hiyo mwalimu alitugawa makundi, watano watano kwa mashine moja. Kundi letu lilikuwa na wavulana wawili na wasichana watatu. Mimi na mwenzangu tulikaa kwenye viti, mmoja ameshika kipanya, mwingine kibodi. Wasichana walisimama nyuma yetu wakiandika hatua daftarini kwa mwandiko mzuri, na sisi tulinakili kwao siku ya mtihani. Kwa miaka miwili sikumbuki hata mara moja nikiinuka kumpisha mmoja wao. Halafu mwisho wa mwaka tulikuwa tunasema, na walimu wengine walisema, kwamba wasichana hawapendi kompyuta. Mtu atapendaje chombo asichowahi kukigusa?

Sikuwa na fatwa yoyote mkononi wakati ule. Kiti nilikikalia tu. Nimeanza na hili ili msomaji ajue kwamba siandiki kama mtu aliye nje ya kosa.

Elimu ipi ni faradhi?

Hadithi ya kuwa kutafuta elimu ni faradhi sote tunaijua, na imo katika Sunan Ibn Majah. Wasemaji wengi hupenda kuongeza mwishoni "na kila Mwislamu wa kike". Ongezeko hilo al-Sakhawi amelieleza katika al-Maqasid al-Hasana kwamba halimo katika njia yoyote ya upokezi. Nilipolisoma hili nilishtuka, nikadhani ami ameshinda. Lakini maana haibadiliki: neno "Mwislamu" katika hukumu kama hizi huchukua wanaume na wanawake pamoja, kama linavyowachukua katika Swala na Saumu. Ila tuache kunukuu ongezeko lisilo na asili, hata kama linatusaidia katika hoja yetu.

Swali kubwa zaidi ni elimu ipi. Hapa nilirudi kwa Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111. Katika Kitabu cha Elimu, kinachofungua Ihya' Ulum al-Din, anagawa elimu za faradhi mafungu mawili. Kuna faradhi aini, inayomlazimu kila mtu kwa nafsi yake, na kuna faradhi kifaya, ile ambayo mji hauwezi kusimama bila ya kuwa na mtu anayeijua. Katika fungu la pili anataja utabibu na hesabu, kisha anashuka kwenye kilimo, ufumaji, hata ushonaji na upigaji chuku. Mji ukikosa kabisa watu wa kazi hizo, wote wanabeba dhambi. Wakipatikana wa kutosha, wengine wamesalimika.

Baadaye katika kitabu hichohicho analalamika. Anasema miji mingi haina tabibu ila asiye Mwislamu, na hata hivyo huoni mtu akijishughulisha na utabibu, wote wanakimbilia fiqhi na hasa mijadala ya khilafu. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini kidogo. Mkimbiliaji wa fiqhi ni mimi, na ami anataka binti yake anifuate.

Kama ushonaji ni faradhi kifaya, sioni namna ya kuitoa teknolojia ya leo. Mishahara, matokeo ya mitihani, kumbukumbu za hospitali, zaka na sadaka tunazotuma kwa simu, vyote vinapitia humo. Mji usio na mtu anayeyajua haya umo katika hali aliyoieleza Ghazali. Mpaka hapa ami angekubali. Angesema tu, "Sawa, basi wasome wavulana, faradhi itakuwa imeshuka."

Imeshuka kweli?

Simu ya haboba

Hapo ndipo nilipomkumbuka haboba, bibi yetu mzaa baba. Huduma ya pesa kwa simu iliingia Uganda mwaka 2009, na leo hata haboba anatumiwa pesa na wajukuu kwa simu. Lakini hasomi herufi za kwenye kioo. Namba yake ya siri anaijua kijana wa dukani, anaijua mjukuu mmoja wa kiume, na nadhani anaijua pia mwenye kibanda cha kuchaji simu. Kila pesa ikiingia kuna mwanamume anayeona ni kiasi gani kabla yake yeye. Hajaibiwa, alhamdulillah. Ila mali yake haina sitara.

Sasa nenda kwa mafundi wa simu, Arua au Koboko mjini, kaa nusu saa uangalie. Anakuja mama, kioo kimevunjika. Fundi anamwomba nywila ili aijaribu simu ikishatengenezwa. Mama anamwandikia kwenye kipande cha karatasi, anaambiwa arudi saa kumi. Ndani ya simu ile kuna picha za arusi zilizopigwa upande wa wanawake, bila hijabu, wanacheza. Kuna picha za mtoto anaoga. Kuna sauti alizomtumia mumewe aliyeko Juba. Mafundi wengi ni watu wema na sisemi vinginevyo. Nasema kwamba mama yule hana wa kuchagua, kwa sababu sijawahi kumwona fundi wa simu wa kike katika miji hiyo miwili. Kama yupo, dada zangu, nijulisheni, nitampelekea simu za ukoo mzima.

Wenzangu wa Usuli Fiqhi mtaniruhusu nijaribu kiyasi. Mimi ni mwanafunzi, si mufti, kwa hiyo mnisahihishe. Asili yetu ni matibabu ya mwanamke: wanachuoni wamesema atazamwe na tabibu wa kike akipatikana, na mwanamume ni kwa dharura. Sababu ya hukumu ni kulinda sitara yake. Tawi letu ni simu na kompyuta yake, ambamo sitara hiyohiyo imehifadhiwa kwa picha, sauti na maandishi. Sababu ikiwa moja, hukumu nayo inaelekea kuwa moja, yaani afadhali iwe mikononi mwa mwanamke mwenzake akipatikana. Na ili apatikane lazima kwanza asome. Basi faradhi hii haishuki kwa kusoma wavulana peke yao, kama ambavyo mji wenye matabibu wa kiume mia haujatosheleza haja ya wanawake wake.

Ami mwenyewe analijua hili kuliko mimi. Mke wake alipokuwa anajifungua kwa shida, alizunguka akiuliza kama kuna daktari wa kike zamu ile. Daktari wa kike hutoka wapi? Ni binti wa mtu aliyeachwa aandike Kemia kwenye fomu.

Aliyemfundisha Hafsa kuandika

Ami hupenda mfano wa Masahaba kuliko kiyasi, kwa hiyo nilimtafutia mmoja. Al-Baladhuri, katika Futuh al-Buldan, anaeleza kwamba Uislamu ulipokuja, wanaume wa Kikureshi waliojua kuandika walikuwa 17. Katika jamii ya biashara kubwa kama Makka, 17 ni wachache mno. Kuandika ndiko kulikokuwa kompyuta ya wakati ule: mwenye nao alishika mikataba, madeni na barua za wakubwa. Miongoni mwa wanawake waliojua alikuwemo al-Shifa bint Abdullah (r.a.). Abu Dawud, katika mlango wa tiba, amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimkuta kwa mkewe Hafsa, akamtaka amfundishe tiba ya kisomo cha maradhi ya ngozi kama alivyomfundisha kuandika.

Tuangalie yaliyomo katika tukio hilo. Mwalimu ni mwanamke, mwanafunzi ni mwanamke, elimu ni ile adimu ya zama zao, na mwenye nyumba, ambaye ni Mtume mwenyewe, anataka waongeze. Hakumwambia Hafsa kwamba wapo waandishi wa kiume wa kutosha.

Wapo pia wanaopenda kumtaja mwanamke wa Halab aliyetengeneza asturlabu, chombo cha kupimia nyota kilichotumika kujua nyakati za Swala na upande wa Kibla. Habari hii ni ya kweli, ila imepambwa. Ibn al-Nadim, katika al-Fihrist aliyoiandika karibu mwaka 987, anamtaja kwa maneno machache sana: ni binti wa al-Ijli, alikuwa na Sayf al-Dawla, mtawala wa Halab, na alijifunza kwa bingwa wa kazi hiyo. Jina Maryam halimo mle, limeongezwa na watu wa baadaye. Kwangu maneno hayo machache yanatosha. Ibn al-Nadim alimworodhesha katika safu ya mafundi wenzake bila kuonyesha kushangaa.

Al-Khwarizmi simtaji leo. Tumemtaja kwenye mihadhara mpaka amechoka, na baada ya mihadhara tunakwenda kupiga foleni tufanyiwe hata kuchapisha karatasi moja.

Pingamizi za ami

Zipo nne, na si za kudharauliwa.

Ya kwanza ni kazi yenyewe. Ami anasema waya na betri ni mambo ya wanaume. Nilimpa habari ya Kinyasini, Unguja. Kule kuna kituo cha Barefoot College, taasisi iliyoanzishwa na Bunker Roy nchini India mwaka 1972, ambako wanawake wa vijijini, wengine mama wa watoto wengi na wasiosoma sana, hufundishwa kuunganisha na kutengeneza umeme wa jua, kisha hurudi kuwasha taa vijijini mwao. Ni wanawake wa Zanzibar, watu wa buibui na mtandio kama mama zetu, wanaoshika chuma cha kulehemu. Na Lurujo tunaujua umuhimu wa sola. Kwa miaka mingi Nile Magharibi iliishi kwa majenereta na umeme mdogo wa Nyagak, na gridi ya taifa imetufikia mwaka 2024 tu. Nyumba nyingi bado zinategemea paneli juu ya paa, na betri ikifa hungojwa fundi kutoka mjini.

Ya pili ni umbali. "Atakwenda Kampala, atapotea." Kampala si lazima. Chuo Kikuu cha Muni, cha serikali, kiko hapahapa Arua. Kilianza kufundisha mwaka 2013, na teknolojia ya habari ilikuwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Binti wa Lurujo anaweza kurudi nyumbani mwisho wa juma. Na kwenye vyuo vya serikali wasichana huongezewa pointi 1.5 wanapoomba nafasi, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Mzee ukimtajia pointi za bure husikiliza.

Ya tatu ni uchafu wa intaneti. Hapa ami ana haki kamili, sikubishana naye. Nilimwuliza tu ni nani kati ya watoto wake asiye na intaneti leo. Wote wanayo, kwa simu, pamoja na huyo anayezuiwa kusoma kompyuta. Anayetumia bila kujua chombo kinavyofanya kazi ndiye anayetegwa kwa urahisi: anabonyeza kila kitu, anatuma picha kwa mtu asiyemjua, anatishiwa, na hana wa kumwambia. Akiwa na dada yake anayejua, ana pa kukimbilia.

Ya nne, mchanganyiko wa wanaume na wanawake maabara, ndiyo iliyonichukua muda mrefu, na naona ndiyo inayotuhusu sisi wa kampasi kuliko wazee. Katika Sahih al-Bukhari, Kitabu cha Elimu, imo hadithi ya Abu Said al-Khudri: wanawake walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba wanaume wamewazidi nguvu katika kumpata, wakaomba awatengee siku yao. Akawatengea. Mimi nilikuwa naisoma hadithi hii kama habari ya darsa za wanawake tu. Juma lile niliisoma na kiti changu cha sekondari mbele ya macho. Malalamiko yao yalikuwa hayohayo: wanaume wamejaa mbele, hatufiki. Naye hakuwajibu warudi nyumbani wakae. Aliwapa siku.

Umma wetu umewahi kulifanya hilo kwa kiwango kikubwa. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, kina kampasi ya wanawake peke yao pale Kabojja, nje kidogo ya Kampala. Waliona haya ya mchanganyiko, wakajenga. Sisi katika jumuiya yetu hatuhitaji kujenga. Tuna maabara ambayo Jumamosi asubuhi ni tupu. Tuna dada wanaosomea kompyuta ambao katika mihadhara yetu tunawapa kazi ya kupika pilau, huku ndugu watano wamezunguka projekta moja wakibahatisha waya. Nimepeleka barua kwa kamati, kuomba saa tatu kila Jumamosi za dada kwa dada: kuanzia kushika kibodi, mpaka kufungua mashine na kuona kilichomo. Mpaka naandika haya sijajibiwa. Katibu aliniambia barabarani kwamba wazo ni zuri ila nani atafungua mlango. Funguo naweza kufungua mimi, kisha nikaondoka.

Ijumaa baada ya Magharibi nilimpigia ami. Nilimsomea yote, pamoja na kisa cha kile kiti, kwa sababu sikuona haki kumficha. Alisikiliza kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kuhusu Ghazali hakusema kitu. Kuhusu al-Shifa alisema "swadakta". Alichoniuliza baadaye sikukitegemea.

"Kwa hiyo haboba namba yake inajulikana na watu watatu?"

"Watatu ninaowajua mimi, Ami."

Akanyamaza tena. Kisha akasema binti aiache fomu kama alivyoiandika, ila ana sharti moja. Likizo baada ya mitihani ya S.4 ni ndefu, na hataki akae bure. Mimi nirudi Lurujo nikamfundishe kompyuta, kwa kuwa maneno ni mengi mdomoni mwangu.

Nimemkubalia, na hapa nawaomba msaada. Ninachokijua kuhusu kompyuta ni kuandika makala kama hii na kuituma. Natafuta dada mmoja, mwaka wa pili au wa tatu wa masomo ya kompyuta, atakayekubali wiki mbili za Desemba nyumbani kwa ami. Atalala chumba kimoja na binti na haboba, chakula kipo, nauli ya kwenda na kurudi nitalipa mimi. Aje na bisibisi ndogo. Haboba ameshasema simu yake iwe ya kwanza, na anataka namba ya siri mpya.